Nyanya Alivyomkana Mama

Nilizaliwa Mau Narok, lakini akili nilipata Rongai. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja, ng'ambo kidogo ya reli. Alikuwa Mtugen wa milima ya Baringo, mrefu, mkavu, mtu ambaye akikwambia maneno mawili unajua ameyapima kwanza. Mama alikuwa Mkikuyu. Walikutana kule juu Mau Narok, katika shamba la pareto ambako mama alizaliwa, na ambako mama yake, yaani nyanya yangu, alikuwa amewalimia wazungu tangu usichana wake.

Baba alipopata kazi Rongai, tulishuka naye. Mama alikuwa na kipaji cha lugha. Alizungumza Kitugen kama aliyekinyonya, na wageni wakija kumwona baba walimsalimu kwa Kitugen naye akawajibu bila kujikwaa. Pale kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama mabehewa, watu walimjua kuwa ni mke wa mkamuaji, basi. Majirani wawili watatu walijua alikotoka. Nyapara naye alijua. Lakini siku hizo kujua hakukuwa na uzito wowote. Nyumbani tuliongea Kikuyu na mama, Kitugen na baba, Kiswahili na watoto wenzetu, na hatukuona kwamba tunavuka mpaka wowote.

Halafu Hali ya Hatari ikatangazwa. Wazee waliita imajensi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama na kumbeba mdogo wangu mgongoni, na kitu cha kwanza nilichokiona kubadilika ni sauti. Watu walianza kuongea kama walio karibu na mgonjwa. Wanawake mtoni walikuwa wakicheka hadi ng'ambo wanasikia. Sasa walifua wakiwa wameinama, na mtu mgeni akitokea mazungumzo yanageuka kuwa ya sabuni.

Ni wakati huo nyanya alipotujia. Kule Mau Narok mzungu wake alikuwa amewafukuza Wakikuyu wote shambani, akawaambia warudi kwao. Nyanya alipanda lori la viazi hadi Njoro, akatembea sehemu iliyobaki. Nilimwona mchana mmoja akipanda njia ya laini, kiondo mgongoni, jembe mkononi, vumbi hadi magotini. Mama alitoka mbio, kisha akajizuia, akatembea.

"Wamesema nirudi kwetu," nyanya alisema akiisha kunywa maji. "Nikamuuliza yule kijana wa mzungu, kwetu ni wapi? Mimi nilikuja huku nimebebwa mgongoni mwa dada yangu. Nikamwambia, wewe nilikulea kwenye mgongo huu huu, niambie kwetu ni wapi. Akaangalia viatu vyake."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa akimwosha nyanya miguu, akizisugua nyufa za visigino kwa jiwe, taratibu sana.

Nyanya alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno. Alikuwa na kidevu kilichochongoka, nacho alikitumia kuonyeshea vitu kama wengine wanavyotumia kidole. Aliamka kabla yetu, akafagia uwanja, akawasha moto, akatuamsha kwa kutufinya masikio. Mdogo wangu alimpenda kupita mama. Alikuwa hali asipolishwa na nyanya, na nyanya alimlisha huku akimsimulia habari za fisi mjinga, kwa Kikuyu, na mtoto anacheka uji ukimtoka puani.

Hakumaliza mwezi vizuri ndipo kukaja baraza. Ofisa wa serikali, Bwana Dio tuliyemwita, alifika shambani na askari, na watu wote wakakusanywa mbele ya ghala la mahindi, wanaume huku, wanawake kule. Wakaambiwa wainue mikono na kuwalaani watu walioko msituni wakipigana na wazungu. Karani alisema maneno, watu wakarudia: walaaniwe wao, zilaaniwe nyumba zao, walaaniwe watoto wao. Mikono ilikuwa juu kama shamba la mtama. Mkono wa nyanya ulikuwa ndani ya shuka yake.

Nyapara alimwona. Nyapara wetu alikuwa mtu mnene wa mabega, mwenye kofia ya kaki na fimbo aliyoipaka mafuta hadi ikang'aa. Alimjia akasimama mbele yake.

"Mama mzee, huo mkono una nini?"

"Una baridi," nyanya alisema.

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo.

"Basi sema bila mkono."

Nyanya alimtazama. "Mtoto wa mtu simlaani," alisema. "Hajaniuma."

Nyapara hakumpiga. Laiti angempiga, tungejua yamekwisha. Alitikisa tu kichwa kama mtu aliyeonyeshwa bei akaitia akilini, akaendelea na wengine.

Baada ya hapo akaanza kupita nyuma ya nyumba yetu. Alipita mchana, saa za watu kupika, akiwa ameshika fimbo yake nyuma. Akifika ukutani kwetu anainama kufunga kamba ya kiatu, na miguuni amevaa akala za matairi ambazo hazina kamba. Mama alikuwa akimwonyesha baba kwa macho, na sisi sote tunanyamaza hadi kivuli chake kiondoke kwenye ufa wa mlango. Shuleni nako mambo yakawa hivyo hivyo. Mwalimu alianza kutuuliza kila Jumatatu: jana mlikula nini, nani alikuja kwenu, walizungumza nini. Mama alikuwa ametufundisha jibu, tukalikariri kama sala. Tulikula ugali. Hakuja mtu. Walizungumza habari za mvua.

Familia mbili za Wakikuyu zilizokuwa upande wa chini wa laini zilichukuliwa. Asubuhi tulikuwa tumechota maji pamoja na watoto wao, jioni milango iko wazi na kuku wa watu wanaingia kula makombo. Hakuna aliyeuliza. Baada ya wiki nyapara aliwaleta watu wengine wakakaa humo.

Hapo ndipo baba alipoongea. Alitoka kukamua, akatundika koti lake, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa ametumia nyumbani hata siku moja:

"Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii hakuna Kikuyu. Kitugen au Kiswahili. Hata ukiota, ota Kiswahili."

Nyanya aliuliza amesema nini. Mama akamweleza, kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, na yakawa maneno ya mwisho ya Kikuyu niliyomsikia mama akisema kwa miaka mingi.

Nyanya alicheka. "Basi nimekuwa bubu," alisema. Halafu akaona hakuna anayecheka naye.

Sisi watoto tulikatazwa kumwita cucu, kwa sababu cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na hilo lingetusaliti kuliko jambo lolote. Tukaambiwa tumwite kogo, ambalo ni nyanya kwa Kitugen. Mdogo wangu alilipokea upesi, watoto hawana neno. Mimi lilinikaa mdomoni kama punje ya mchanga. Mtu wangu mwenyewe nilikuwa namwita kwa jina la mtu mwingine.

Nikapewa kazi ya kumfundisha nyanya Kiswahili. Alikijua kile cha shambani tu, cha *leta* na *peleka* na *haraka*. Tulikwenda naye mtoni tukakaa kwenye mawe, na mimi nikamwonyesha vitu. Alitaka kujifunza matusi kwanza.

"Maneno ya kuomba chakula nitayajua nikiwa na njaa," aliniambia. "Nipe ya kugombana. Mzee asiyeweza kugombana wanamkanyaga."

Nikamfundisha mchoyo. Nikamfundisha mvivu, mjeuri, mbaya kama fisi. Aliyarudia akiyatafuna, r na l zikibadilishana viti, tukacheka hadi tukasahau ndoo. Nadhani zile ndizo saa nzuri za mwisho nilizokaa naye. Alikuwa akichoka Kiswahili anaangalia pande zote, kisha ananinong'oneza neno moja la Kikuyu, moja tu, kama mtu anayempa mtoto kipande cha sukari guru. Jiwe. Mto. Binti yangu.

Wale wa kuchuja watu walikuja wakati wa jua kali. Watu waliuita mchujo huo skirini. Palikuwa na ofisa mzungu kijana aliyebabuka pua, mkalimani, askari wenye bunduki, na mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani hadi magotini, limetobolewa mahali pa macho. Alikaa kwenye kiti karibu na josho la kuogeshea kondoo. Watu walisema ni mtu wa Mau Narok. Kila Mkikuyu aliyebaki shambani alipitishwa mbele yake. Gunia likitikisa kichwa hivi, unarudi kazini. Likitikisa vile, unapanda lori.

Na mama aliitwa. Hatukujua nani aliyemtaja, hatujajua hadi leo. Askari walikuja moja kwa moja mlangoni kwetu wakasema mwanamke na yule mzee, wote wawili, twende. Baba alikuwa malishoni na ng'ombe. Mama alivaa shanga zake za Kitugen, zile za sherehe, mimi nikamfungia kishikizo. Tukafuatana nao, mimi na mdogo wangu mgongoni.

Laini yote ilikuwa imesimama kuzunguka josho. Watu waliletwa watazame. Jua lilikuwa linachoma na harufu ya dawa ya kondoo inakata pua. Nyanya alikuwa mbele, mama nyuma yake. Nilitazama miguu iliyochungulia chini ya gunia. Ilikuwa miguu ya mtu mzima, mikavu, na kidole kikubwa kimoja kilikuwa kinachimba ardhi, kinachimba tu.

Gunia lilimtazama nyanya, likatikisa kichwa. Lori.

Askari alimshika mkono. Ofisa alimwonyesha mama kwa kalamu, mkalimani akasema, "Sasa huyu. Tunaambiwa ni mtoto wa huyu mzee."

Mama alisogea mbele. Aliinua uso. Sijui mtu wa gunia angesema nini. Kama alitoka Mau Narok basi alimjua, pengine walicheza pamoja, pengine aliwahi kula kwao. Sijui, kwa sababu nyanya hakumpa nafasi. Alijikwamua kutoka kwa askari, akageuka, akamwelekezea mama kile kidevu.

"Toto yangu?" alipaza sauti kwa Kiswahili. "Hii? Hii mama ni mchoyo! Mimi nafanya yeye kazi kama punda. Nafagia, nabeba toto yake, yeye napea mimi uji ya jana! Mbaya kama fisi! Hii ni Mtugen, roho ya Mtugen, hapana toto yangu. Mungu ipitishe mbali!"

Watu waliguna. Mkalimani akamtafsiria ofisa, na ofisa akacheka, kijana wa watu, akajifuta jasho.

Maneno yale niliyafahamu moja moja. Mimi ndiye niliyempa.

"Wewe unasemaje?" mkalimani alimuuliza mama.

Mama alikuwa amepauka midomo. Aliweka mikono kiunoni. Akajibu kwa Kitugen, haraka, kwa dharau, kama mama wa nyumba aliyechoshwa na kijakazi. Alisema mzee huyu alimwokota njiani akamhurumia, na kumbe wema huzaa mavi. Alisema wamchukue, yeye apumzike na kazi ya kupikia mdomo usioshiba. Alisema yote hayo akimtazama nyanya machoni, na nyanya akimtazama yeye, wakitupiana maneno mabaya, na mimi niliyewajua niliona kwamba wanaagana.

Askari akamvuta nyanya kuelekea lori. Hapo ndipo mdogo wangu alipoelewa kwamba anaondoka. Alijinyoosha mgongoni mwangu, akalia kwa nguvu zote:

"Kogo! Kogo!"

Ofisa aligeuka. Alimwuliza mkalimani jambo, mkalimani akamgeukia nyapara wetu, aliyekuwa amesimama pembeni na fimbo yake.

"Mtoto anamwita nani?"

Nyapara alituangalia. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto anayelia. Alijua kila kitu. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wetu mchana baada ya mchana, kwa wiki nyingi. Nilihisi mkojo ukinitoka ukishuka mguuni.

"Watoto wa huku," nyapara alisema, "kila mwanamke mzee wanamwita nyanya. Hata mama yangu akipita wanamwita hivyo."

Ofisa aliangalia saa yake. Mtu wa gunia alikuwa ameinamisha kichwa. Hakukitikisa hivi wala vile. Mama akaambiwa aende.

Lori lilikuwa na wavu wa chuma pande zote. Nyanya aliketi ndani pamoja na wengine, akiwa ameipa laini mgongo. Hakugeuka. Na mama hakupunga mkono wala hakusimama kutazama. Alimchukua mtoto mgongoni mwangu, akatembea kurudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeacha sufuria jikoni, na watu walimpisha. Mle ndani ya umati walikuwamo waliojua. Hata mmoja hakufungua mdomo, si siku hiyo, si baadaye. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa maana nimesikia habari za laini nyingine.

Nyumbani mama alipika. Alichagua maharagwe, akayaosha, akayaweka motoni. Baba alipoingia alimwona amekaa, akaona mkeka wa nyanya umekunjwa, akajua. Alikaa karibu naye kwenye sakafu, jambo ambalo wanaume hawakulifanya, akamshika kifundo cha mguu. Walikaa hivyo. Maharagwe yaliungua na hakuna aliyeyaondoa.

Siku ya pili baba aliomba ruhusa akaenda Nakuru kwenye kambi ya waya walikokusanywa watu kabla ya kupakiwa garimoshi. Alibeba blanketi na chupa ya maziwa. Langoni aliulizwa huyo mzee ni nani kwake. Akasema alikuwa mfanyakazi wake. Wakamwambia mfanyakazi haletewi blanketi, akarudi nalo.

Nyapara alianza kuja kwetu. Sasa hakupita nyuma; aliingia mlangoni, akakaa pale nyanya alipozoea kukaa, karibu na moto, akapewa chai. Hakutaja neno. Hakuomba kitu, na hilo ndilo lililokuwa zito. Mtu akiomba, unampa mnaachana. Yeye alikunywa chai polepole, akazungumza habari za ng'ombe, akamwita mdogo wangu akampapasa kichwa. Alituokoa, na tangu siku ile tukawa mali yake. Baba alipotakiwa kufanya kazi ya ziada, alifanya. Nyapara alipogombana na wakamuaji, baba alikaa upande wake, na wenzake wakaacha kumsalimu. Mama alikuwa akimmiminia chai mkono ukiwa imara, akiisha kutoka anaosha kile kikombe kwa majivu, anaosha tena.

Nilimuuliza mama wakati mmoja tukikata majani ya ng'ombe kama nyapara ni mtu mzuri au mbaya. Alifunga kwanza tita lake.

"Ni mtu aliyeulizwa swali," alisema. "Siku ile alijibu vizuri. Tuombe asiulizwe tena."

Mama alibadilika kwa njia ambazo mgeni asingeziona. Alikuwa mcheshi, akawa mpole. Aliacha kutuita kutoka mbali. Alikuja hadi tulipo akatugusa bega. Mdogo wangu alikua akijua Kitugen na Kiswahili tu. Neno cucu lilimtoka kabisa, na nyanya mwenyewe akamtoka pia, ikabaki kwamba palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimlisha uji. Mama alilijua hilo na hakulirekebisha. Usalama wa mtoto ulikuwa katika kusahau.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa kipindi kile kamba zililegezwa. Watu wa kambini wakaanza kuonekana barabarani, wamekonda, wakitembea kama wanaopima kama ardhi itawabeba. Watu wa lori lile, tulisikia, walipelekwa sehemu za Murang'a. Mama aliuza kuku wake wote. Alimwambia nyapara kwamba anampeleka binti yake kumwona jamaa ya baba yake aliyelazwa Nairobi. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari. Tukapanda garimoshi Nakuru, na baada ya Nairobi tukapanda basi.

Nilikuwa sijawahi kuona nchi ile. Migongo ya vilima imekaribiana, ardhi nyekundu kama kidonda, kijani kimejaa kila mahali, na hakuna uwanda hata kidogo wa jicho kupumzika. Nikafikiri, kumbe hapa ndipo walipopaita kwao nyanya. Mama naye alikuwa anatazama kama mimi, kwa mshangao wa mgeni.

Tuliuliza kijiji baada ya kijiji. Vilikuwa vile vijiji ambavyo watu walisukumwa humo wakazungushiwa handaki. Nyumba zimepangwa mistari, na wakati tunapita watu walikuwa wakilifukia handaki lile lile walilolazimishwa kulichimba. Mwishowe tulielekezwa kwa mwanamke mmoja mjane aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni kwake. Mama alimweleza sura ya mtu anayemtafuta. Alizungumza Kikuyu, na nilishtuka kukisikia: kilikuwa kimepata kutu, alisimama katikati ya sentensi kutafuta maneno.

"Mzee wa Rifti," mwanamke alisema. Rifti ndivyo walivyouita upande wetu. "Tuliishi naye nyumba hii. Wewe ni nani kwake?"

Mama aliangalia nyuma yake, barabarani. Hapakuwa na nyapara pale, wala gunia, wala askari, ila kuku na mjane na ndizi zake.

"Tulifahamiana Mau Narok," mama alisema.

Mwanamke aliendelea kumenya. Alisema mzee alifika na shuka aliyovaa tu. Hakuwa na ukoo wa kumpokea. Wazee walimuuliza mbari yake, akawatajia, nao wakasema hiyo haina ardhi hapa. Akachimba handaki pamoja na vijana, kwa kuwa asiyechimba hakupewa nafasi ya kutoka kutafuta chakula. Mvua za mwaka wa pili zikamkuta na kifua. Alikufa mchana, akiwa amekaa. Wengi walikufa majira hayo, wakazikwa pamoja ng'ambo ya handaki, na sasa pamelimwa.

"Tulimuuliza kama ana mtoto tumpelekee habari," alisema. "Alisema hajawahi kuzaa. Hata siku ya mwisho nilimuuliza, nikamwambia mzee, unakwenda sasa, usiende na siri. Akasema hana mtoto. Lakini kila mvua ilipokuwa ikinyesha alikuwa anauliza, 'Sijui kama na Rongai inanyesha.' Mtu asiye na mtoto anaulizia mvua ya Rongai ya nini?"

Kisha akainua macho kutoka kwenye ndizi. Alimtazama mama usoni, akamtazama tena, akaweka kisu chini.

"Una kidevu chake," alisema.

Mama alianguka magotini. Mwanamke yule alimshika kichwa, akakilaza kwenye paja lake palipokuwa na maganda ya ndizi, akawa anampapasa mgongo. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia barabara. Hakuna aliyeniambia nilinde. Nilikuwa nimelelewa hivyo.

Tulirudi Rongai. Desturi ya watu wa mama na ya watu wa baba zinakubaliana hapo: aliyefiwa na mzazi hunyolewa, watu huja kukaa naye, anatajiwa marehemu kwa jina. Mama hakunyolewa. Angewaambia watu amefiwa na nani? Shamba zima lilimsikia akimkana mbele ya josho, na nyapara alikuwa bado nyapara. Kamba zilikuwa zimelegea, ndiyo, lakini hakuna aliyekuwa ametuambia zimekatwa.

Wakati huo tulikuwa tunavunja mahindi. Mabua yalikuwa makavu, marefu kumpita mtu, na upepo ukipita yanapiga kelele kama mvua juu ya mabati. Asubuhi moja mama alichukua mstari wa katikati kabisa, mimi na baba tukachukua ya pembeni yake; baba alikuwa ameomba kubadilishana zamu ya kukamua. Tulipofika ndani ambako hakuna anayetuona, mama alianza kulia. Alilia kwa Kikuyu. Alimwita mama yake, akamwambia yote aliyokuwa hajamwambia, akamwomba radhi kwa maneno ya siku ile, na mikono yake haikuacha kazi, anachana ganda, anavunja, anatupa guniani. Baba alikuwa akimjibu kutoka mstari wake. Maneno yake machache ya Kikuyu, aliyojifunza zamani alipokuwa akimchumbia, aliyasema yote.

Kisha tukasikia mluzi kwenye njia ya pembeni. Nyapara alikuwa anapita, akigongagonga mabua kwa fimbo. Mama alichukua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akakisukuma mdomoni, akaendelea kuvunja mahindi. Tulivunja mahindi sote. Mluzi ulikuja karibu, ukasimama, ukakaa hapo kitambo, halafu ukaenda zake kuelekea ghalani.

Mama alingoja hadi usisikike. Akakitoa kitambaa, akaendelea.